Mtakatifu Yosefina Bakhita: Mtumwa Aliyemtafuta Mwenye Jua na Nyota



Kuna swali ambalo vijana wengi tunaogopa kulitamka mbele ya padre au katekista, lakini tunalo moyoni. Nitamkaribiaje Mungu wakati maisha yangu yenyewe yameharibiwa? Wengine wetu tumekua bila mzazi. Wengine tulifanyiwa mambo na watu wazima ambayo mpaka leo hatujamsimulia mtu. Wengine tumesali miaka na miaka na hali ni ile ile. Basi tunaanza kuamini kwamba ukaribu na Mungu ni wa wale waliolelewa vizuri, waliofundishwa rozari wakiwa wadogo, wanaokaa benchi la mbele. Sisi tunakaa nyuma kabisa karibu na mlango, Misa ikiisha tunatoka kimya kimya.

Kama na wewe umewahi kuwaza hivyo, leo nataka nikusimulie maisha ya dada mmoja wa Kiafrika. Hakuzaliwa katika familia ya Kikristo. Hakusikia jina la Yesu utotoni. Hakubaki hata na jina alilopewa na mama yake. Lakini alimjua Mungu kwa namna ambayo mwaka 2007, Papa Benedikto XVI alipoandika waraka wake kuhusu matumaini ya Kikristo, alimtaja yeye karibu na mwanzo wake. Anaitwa Mtakatifu Yosefina Bakhita.

Mtoto aliyesahau jina lake

Bakhita alizaliwa yapata mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, huko Darfur, magharibi mwa Sudan. Alikuwa wa kabila la Wadaju. Familia yao ilikuwa na heshima kijijini, baba yake alikuwa ndugu wa mkuu wa kijiji. Alikuwa na kaka na dada, na yeye mwenyewe baadaye alisimulia kwamba utoto wake ulikuwa wa furaha, hakujua maana ya kuteseka.

Miaka hiyo biashara ya watumwa ilikuwa inawaka moto katika sehemu nyingi za Afrika, kule kwao na huku kwetu pia. Kumbuka kwamba mwaka 1868, yaani karibu na wakati Bakhita anazaliwa, ndipo Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni ya Bagamoyo, wakawa wanawapokea watu waliokombolewa utumwani. Kwa hiyo tunaposoma habari za Bakhita hatusomi habari za mbali sana. Njia kama aliyotembezwa yeye, babu na bibi zetu wengi walitembezwa pia.

Balaa liliingia kwao kupitia dada yake mkubwa, ambaye alitekwa na wawinda watumwa. Bakhita alikuwa mdogo, ila hakusahau kamwe kilio cha mama yake siku ile. Miaka michache baadaye, yeye akiwa na umri wa miaka saba hadi tisa hivi, ikawa zamu yake. Alikuwa na rafiki yake shambani, mbali kidogo na nyumbani. Wakatokea wanaume wawili. Mmoja akamtuma Bakhita aende akamchukulie kitu kichakani, na yule rafiki akaambiwa atangulie. Mtoto aliyefundishwa kuwatii wakubwa, akaenda. Huko kichakani wakamshika na kumtishia kwa kisu.

Walipomuuliza jina, hakuweza kujibu. Hofu ilikuwa imemkaba. Wakampa jina la Kiarabu, Bakhita, maana yake mwenye bahati. Hebu fikiria dhihaka hiyo: mtoto anaibwa kwa mama yake, halafu anaitwa mwenye bahati! Jina lake la kwanza lilimtoka kichwani na halikurudi tena mpaka anakufa.

Walimfungia katika chumba kidogo chenye giza kwa muda wa kama mwezi mzima. Kisha akatembezwa kwa miguu, bila viatu, safari ya karibu kilomita 1,000 hadi mji wa El Obeid, na njiani akauzwa na kununuliwa tena. Wakati mmoja alifanikiwa kutoroka usiku pamoja na msichana mwingine wa umri wake. Walikimbia porini mpaka wakachoka, na mwisho wakaangukia mikononi mwa mtu aliyejifanya mwema, akawaficha kwenye zizi la kondoo wake, kisha akawauza kwa msafara mwingine uliokuwa unapita.

Makovu zaidi ya mia moja

Huko El Obeid alinunuliwa na tajiri mmoja aliyemfanya mtumishi wa binti zake. Siku moja akamkosea kijana wa nyumba ile. Kijana akampiga na kumchapa vibaya sana, Bakhita akalala juu ya majani makavu zaidi ya mwezi, hawezi kusogea.

Baadaye akauzwa kwa jenerali wa Kituruki. Hapo ndipo mateso yalipozidi. Mke wa jenerali na mama mkwe wake walikuwa wakali kupita kiasi, na siku haikupita bila mjeledi. Kisha likaja lile ambalo alilikumbuka kwa uchungu hadi uzeeni. Ilikuwa desturi ya mabwana wengine kuwachora watumwa wao alama mwilini. Aliletwa mwanamke mwenye ujuzi huo, pamoja na sahani ya unga mweupe, sahani ya chumvi na wembe. Kwa unga akachora mistari kwenye kifua, tumbo na mkono wa Bakhita, kisha akaifuata mistari ile kwa wembe, halafu akasugua chumvi ndani ya majeraha ili yasipone vizuri na makovu yabaki. Yalibaki makovu zaidi ya mia moja. Bakhita alikuwa bado msichana mdogo.

Sijakuandikia haya ili kukutisha. Nataka tu tusifanye haraka kufika kwenye sehemu nzuri. Mara nyingi tunasimulia maisha ya watakatifu kana kwamba mateso yao hayakuuma. Ya Bakhita yaliuma. Na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba Mungu anamwona.

Swali aliloliuliza angani

Sasa, kuna jambo moja dogo katika maisha yake ambalo mimi limenigusa kuliko yote. Bakhita alisimulia kwamba tangu utotoni, kabla hajasikia Injili hata neno moja, alikuwa akitazama jua, mwezi na nyota na kujiuliza: ni nani mwenye vitu hivi vizuri? Ni nani bwana wake? Na alikuwa na hamu kubwa ya kumwona huyo bwana, kumjua na kumpa heshima yake.

Mtu anayemilikiwa na watu wakatili anajua vizuri sana maana ya neno bwana. Kwake bwana ni yule mwenye mjeledi. Angeweza kukata tamaa na kila kitu chenye jina hilo. Badala yake alitazama juu akahisi kwamba lazima yuko Bwana mwingine, mwenye vitu vizuri, na kwamba huyo anafaa kutafutwa.

Ndugu yangu, huo tayari ulikuwa mwanzo wa sala. Hakuwa na kitabu, hakuwa na maneno. Alikuwa na swali na hamu. Kanisa linatufundisha kwamba hamu ya Mungu imeandikwa ndani ya moyo wa kila mtu, kwa sababu ni Mungu mwenyewe anayeanza kumvuta mtu kwake. Kwa hiyo usiidharau hamu yako, hata kama huna maneno mazuri ya kuiombea. Ukiwa umekaa nje usiku, umeme umekatika, unatazama nyota na moyo unauliza, basi ujue kuna Mtu ambaye tayari ameanza kuzungumza nawe.

Safari ya Italia na msalaba wa fedha

Mwaka 1883, jijini Khartoum, Bakhita alinunuliwa na Callisto Legnani, makamu wa balozi mdogo wa Italia. Kwa mara ya kwanza tangu atekwe, alikuwa katika nyumba ambayo hakuna aliyemchapa. Miaka miwili baadaye vita vya Mahdi vilipoukaribia mji, Legnani akalazimika kurudi kwao. Bakhita akamsihi amchukue. Akakubali. Wakasafiri kwa ngamia hadi bandari ya Suakin, kwenye Bahari ya Shamu, wakapanda meli na kufika Genoa mwaka 1885.

Lakini wala usidhani kwamba kufika Ulaya kulikuwa ndio uhuru. Bandarini Genoa, mke wa rafiki wa Legnani aitwaye Augusto Michieli alitamani naye apate mtumishi Mwafrika, na Bakhita akatolewa kama zawadi. Yaani bado alikuwa kitu cha kupewa na kupokelewa. Akapelekwa Zianigo, kijiji kilicho karibu na Venezia. Mama Michieli alipojifungua binti aliyeitwa Mimmina, Bakhita akawa yaya wake, na wakapendana sana. Mtoto yule aliyekuwa amenyimwa upendo wa mama, akampa mtoto wa mwingine upendo aliokuwa nao.

Msimamizi wa mali za familia hiyo alikuwa Illuminato Checchini, mlei Mkatoliki mwenye imani hai. Alimpa Bakhita msalaba mdogo wa fedha. Kabla ya kumpa akaubusu kwa heshima, kisha akamweleza kwamba Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, alikufa kwa ajili yetu. Bakhita hakuelewa vizuri, lakini akauchukua na kuuficha, akiogopa bibi yake asije akamnyang'anya. Alisema baadaye kwamba hajawahi kuficha kitu kabla ya hapo, kwa sababu hakuwahi kuwa na kitu chochote cha kwake. Akawa anautazama msalaba ule kwa siri na kuhisi ndani yake jambo asiloweza kulieleza.

Tafakari kidogo. Mwanamke mwenye makovu ya mjeledi anamtazama Mtu aliyechapwa mijeledi. Mwanamke aliyeuzwa anamtazama aliyeuzwa kwa vipande thelathini vya fedha. Kumbe Mwenye jua na nyota, Bwana aliyekuwa akimtafuta, alikuwa na majeraha kama yake! Tazama pia kazi ya Checchini. Hakuwa padre, hakuhubiri mahubiri marefu. Alibusu msalaba na akautoa. Wewe kijana unayefikiri huna cha kufanya katika Kanisa, mkumbuke mzee huyo.

Siku aliyosema hapana

Familia ya Michieli ilikuwa na hoteli huko Suakin. Mwishoni mwa mwaka 1888 Mama Michieli alitakiwa kumfuata mumewe Afrika kwa shughuli hiyo. Kwa ushauri wa Checchini, Mimmina na Bakhita wakaachwa kwa Masista wa Kanosa mjini Venezia, katika nyumba ya kuwapokea wakatekumeni. Masista hao ni wana wa kiroho wa Mtakatifu Magdalena wa Kanosa, aliyeanzisha shirika lao mjini Verona mwaka 1808 kwa ajili ya kuwahudumia maskini na kuwafundisha dini.

Hapo Bakhita akaanza mafundisho ya ukatekumeni chini ya Sista Maria Fabretti. Na hapo ndipo swali la utotoni lilipopata jibu. Masista walipomweleza habari za Mungu Muumba, alitambua kwamba ndiye huyo aliyekuwa akimhisi moyoni tangu zamani bila kujua ni nani. Na sio tu kwamba yupo. Anamjua yeye, anamwita, anampenda, amekuwa akimngoja.

Baada ya kama mwaka mmoja, Mama Michieli akarudi kumchukua binti yake pamoja na yaya ili warudi wote Suakin. Bakhita akakataa.

Hebu tuelewe uzito wa neno hilo. Huyu ni mtu ambaye tangu utotoni, kukataa amri ya bwana kulikuwa na maana ya kipigo. Alikuwa na miaka ishirini hivi. Hakuwa na ndugu Italia, hakuwa na fedha, wala hakuwa na kwake. Mama Michieli hakuwa mkatili kwake, na Bakhita alikuwa anamshukuru kwa mema yote. Na Mimmina, mtoto aliyemlea tangu kuzaliwa, alikuwa analia asiachwe. Kila kitu kilimvuta arudi. Lakini alijua kwamba akirudi Suakin hatamaliza mafundisho, hatabatizwa, na atampoteza Mungu aliyempata juzi tu baada ya kumtafuta maisha yake yote. Hilo hakuwa tayari kulipoteza.

Mama Michieli akakasirika, akamlaumu kwa kukosa shukrani, akadai haki yake. Masista wakapeleka habari kwa Patriaki wa Venezia, Kardinali Domenico Agostini, na serikali nayo ikahusishwa. Tarehe 29 Novemba 1889 wote wakakutana, na uamuzi ukatolewa: sheria za Italia hazitambui utumwa, kwa hiyo Bakhita ni mtu huru na ana haki ya kujiamulia mwenyewe. Mimmina akaondoka na mama yake akilia. Bakhita naye akalia. Akabaki.

Vijana wenzangu, hapa ndipo penye somo. Mara nyingi tunataka tumkaribie Mungu bila kuachana na kitu. Tunaongeza tu: novena moja juu, kwaya moja juu, hija moja juu. Hayo yote ni mazuri. Lakini inafika siku ambayo ukaribu na Mungu unadai useme hapana kwa kitu fulani, na mara nyingine sio kitu kibaya waziwazi. Ni kazi yenye mshahara mzuri inayokutaka udanganye wateja. Ni mchumba unayempenda kweli, ila anakwambia uachane na imani yako ndipo akuoe. Ni kundi la marafiki ambao ukitoka hapo utabaki peke yako. Machozi yatakuwepo. Bakhita naye alilia. Alilia na bado akabaki.

Kisima cha ubatizo

Tarehe 9 Januari 1890 Bakhita alibatizwa, akapokea Kipaimara na Komunyo ya kwanza siku hiyo hiyo. Akaitwa Yosefina Margareta, na jina la tatu likawa Fortunata, ambalo ndilo Bakhita kwa lugha ya Kilatini: mwenye bahati. Lile jina la dhihaka alilopewa na watekaji likaingia Kanisani likawa kweli. Mungu hakulifuta. Alilijaza maana.

Tangu siku hiyo watu walimwona mara nyingi akienda kukibusu kisima cha ubatizo, akieleza kwamba hapo ndipo alipofanyika mtoto wa Mungu. Mimi na wewe tunakijua kisima tulichobatiziwa? Tunaikumbuka hata tarehe? Wengi wetu tunakumbuka siku ya kuzaliwa tu, tunakata keki, tunapiga picha, tunaweka mtandaoni. Tarehe ya ubatizo tunaitafuta siku ya kufunga ndoa, pale cheti kinapotakiwa ofisini parokiani.

Bakhita aliomba kubaki na masista. Mwaka 1893 akaingia novisiati, na tarehe 8 Desemba 1896, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, akaweka nadhiri zake. Aliyewahi kuwa mali ya watu wengi kwa nguvu, sasa akajitoa kwa Mungu kwa hiari yake mwenyewe. Akawa anamwita Mungu kwa neno la lahaja ya Venezia, Paron, yaani bwana mwenye mali. Ni neno ambalo mtu mwenye historia kama yake angeweza kulichukia, na yeye akalifanya neno la mapenzi. Kila alipoombwa kitu au kupewa kazi ngumu, jibu lake lilikuwa kwamba iwe kama Bwana apendavyo.

Jikoni na mlangoni

Mwaka 1902 alihamishiwa Schio, mji mdogo katika jimbo la Vicenza, na huko ndiko alikoishi karibu miaka yote iliyobaki. Alifanya nini huko? Alipika. Alishona na kutarizi. Alitunza sakristia. Alikaa mlangoni na kuwafungulia watu.

Basi, ni hayo tu. Zaidi ya miaka arobaini ya kazi ambazo hakuna anayezipigia makofi. Watoto waliokuja shuleni kwa masista kila asubuhi walipita pale mlangoni, naye aliwawekea mkono kichwani na kuwabembeleza. Maskini na wenye huzuni waliogonga walisikia sauti ya upole. Watu wa Schio wakampenda, wakamwita mama yao mweusi. Katika Vita Kuu ya Pili, mabomu yalipotishia mji, wengi walimwona kama ulinzi wao.

Mwaka 1931 kilitoka kitabu cha maisha yake, akawa maarufu Italia yote. Wakubwa wake wakamtuma azunguke kusimulia habari zake ili watu waunge mkono kazi ya umisionari. Hakupenda kutazamwa, ila alitii. Baadaye alikaa miaka kadhaa huko Vimercate akisaidia kuwaandaa masista vijana waliokuwa wanakwenda Afrika. Halafu akarudi Schio, kwenye utulivu wake.

Sisi kizazi cha simu tunapata shida na sehemu hii. Tunataka utakatifu wenye wafuasi wengi. Bakhita alipata umaarufu na hakuushika. Utakatifu wake ulikuwa kwenye sufuria na kwenye kitasa cha mlango.

Kusamehe bila kurudi chini ya mjeledi

Siku moja aliulizwa angefanya nini kama angekutana na wale waliomteka na kumtesa. Alijibu kwamba angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa kuwa bila yale yaliyotokea asingekuwa Mkristo wala mtawa. Pia alikuwa akiwaombea, akisema huenda hawakujua kiasi cha uchungu waliomsababishia.

Hapa naomba twende polepole, kwa sababu neno hili linaweza kumuumiza mtu likitumiwa vibaya. Bakhita hakusema utumwa ulikuwa mzuri. Na kumbuka 1889: Mama Michieli alipotaka kumrudisha, alikataa. Moyo ule ule uliosamehe ndio uliosema hapana. Kwa hiyo kama kuna mtu anakutesa nyumbani au kazini, usiruhusu mtu akwambie kwamba msamaha wa Kikristo ni kunyamaza na kuendelea kuteswa. Toka hapo. Mwambie mtu unayemwamini, iwe padre, sista, mwalimu, au mzazi mwingine katika jumuiya yenu. Msamaha ni kuukataa uchungu usiwe bwana wako mpya. Na huo unachukua muda. Kwa Bakhita yalikuwa ni matunda ya miaka mingi ya sala, hayakuja kwa siku moja.

Safari ya mwisho

Miaka ya mwisho alikuwa mgonjwa, akitembezwa kwa kiti cha magurudumu. Alipenda kusema kwa utani kwamba anakwenda umilele polepole na masanduku mawili. Moja lina dhambi zake. La pili ni zito zaidi, limejaa mastahili ya Yesu Kristo. Akifika atalifunika lile baya kwa mastahili ya Mama Maria, atalifungua la pili mbele ya Mungu, kisha atamwambia Petro afunge mlango, maana yeye haondoki tena.

Katika mahangaiko ya kufa, akili yake ilirudi utumwani. Alimwomba aliyekuwa akimuuguza amlegezee minyororo, kwani ilikuwa mizito. Yaani hata mtakatifu, baada ya miaka hamsini ya utawa, majeraha ya utotoni yalirudi. Hii inanifariji sana. Kuwa karibu na Mungu hakufuti kumbukumbu. Lakini maneno yake ya mwisho hayakuwa ya minyororo. Alimwita Mama Maria, uso ukiwa na tabasamu, akafariki tarehe 8 Februari 1947. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1992 na Mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Sikukuu yake ni 8 Februari, na tangu mwaka 2015 Kanisa zima linaiadhimisha pia kama siku ya kusali dhidi ya biashara haramu ya binadamu. Biashara hiyo haijaisha. Bado kuna wasichana wanaotolewa vijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, wakifika mjini wanafungiwa ndani kama watumwa. Bado kuna vijana wanaoahidiwa kazi nchi za nje, wakifika wananyang'anywa pasi. Ukipewa ahadi tamu mno, uliza, chunguza, waambie nyumbani. Na kama kwenu kuna dada wa kazi, mtazame kwa macho ya Bakhita. Unalijua jina lake kamili? Anapewa nafasi ya kwenda kusali?

Tufanye nini wiki hii?

Kwanza, usiku mmoja zima simu, toka nje dakika tano, tazama juu na umwambie Mungu hamu yako kwa maneno yako mwenyewe.

Pili, tafuta tarehe yako ya ubatizo. Siku hiyo ikifika, nenda Misa ukashukuru.

Tatu, jiulize kwa ukweli: ni hapana gani ambayo nimekuwa nikiikwepa? Ipeleke kwenye Sakramenti ya Kitubio.

Nne, chagua kazi moja ndogo nyumbani isiyo na sifa, uifanye kwa upendo bila kumwambia mtu.

Tusali. Ee Mungu, Mwenye jua na nyota, ulimwona Bakhita alipokuwa hana hata jina, na hukumwacha. Utuone na sisi tunaokaa nyuma karibu na mlango. Utupe ujasiri wa kukataa yale yanayotutenga nawe, na uponye polepole majeraha tusiyoweza kuyasimulia. Uwafungue wote wanaouzwa na kuteswa leo, na uwageuze mioyo wanaowatesa. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee.